Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita, Kagua Umeme wa Nyumba

Mtu akienda kuona nyumba ya kupanga hufungua bomba, hutazama dari kama lina madoa ya mvua, huuliza maji yanatoka siku gani. Umeme anaukagua kwa kubonyeza swichi moja. Taa ikiwaka, dalali anadakia: "Umeme upo, na LUKU ni yako mwenyewe." Imeisha hiyo. Lakini nyumba yenye waya wa hovyo kuliko zote mtaani, taa zake huwaka vizuri tu.

Nyumba yangu ya kwanza kupanga, Dar es Salaam, ilikuwa na kanuni moja: hakuna kufungua friji bila ndala. Ndala zenyewe zilikaa mlangoni mwa jiko kwa kazi hiyo. Tulisema friji "linatekenya". Mgeni akija anapewa taarifa kama anavyoambiwa kwamba kitasa cha choo kinagoma, anacheka, anavaa ndala, anachukua maji yake ya baridi.

Kumbe zile ndala zilikuwa zinafanya kazi ya waya ambao haukuwepo. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Huingia kwa waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu, na kurudi kwa nyutro. Kule kwenye transfoma nyutro imeungwa na ardhi, kwa hiyo ardhi unayoikanyaga nayo ni njia ya kurudia. Ukigusa laivu ukiwa peku juu ya sakafu yenye unyevu, mwili wako unakamilisha mzunguko. Ndiyo maana kuna waya wa tatu, ethi, unaounga bodi la chuma la friji, pasi au jiko na nondo iliyochimbiwa ardhini. Umeme ukivujia kwenye bodi, upitie huko badala ya kukusubiri wewe.

Basi kabla ya kuhesabu vyumba, zunguka nje ya nyumba na uitafute ethi. Ni waya wa kijani wenye mstari wa njano, unashuka ukutani mpaka kwenye nondo, mara nyingi upande ule ule ulipo mita. Angalia kama kibano chake kimeliwa na kutu, au kama waya umekatwa. Shaba inauzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ethi ikiibwa hakuna anayeshtuka kwa sababu taa zinaendelea kuwaka.

Kuna ujanja mwingine ambao kwa macho huuoni. Fundi akikuta nyumba haina ethi, anachukua kipande cha waya na kuunga tundu la ethi na la nyutro ndani ya soketi. Siku nyutro ikikatika, bodi la pasi yako linakuwa na moto wote wa laivu. Testa ya bisibisi haikusaidii hapa, inaonyesha laivu iko wapi tu. Hii ndiyo sababu nasema uende na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hata kwa saa moja. Pesa utakayompa haifikii hata ya dalali.

Mwambie afungue boksi la breka. Watu wengi wanaamini breka ipo kumlinda mtu, kumbe inalinda waya usiungue. Breka ya ampia 32 haijali ampia 0.1 inayopita kifuani mwako, na hiyo inatosha kuua. Hata ethi peke yake inaweza isiiangushe: nondo ikiwa kwenye udongo mkavu, umeme unaopita ardhini ni mdogo mno kwa breka kuusikia. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, mafundi wanakiita RCD, wengine ELCB. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 kinakata mara moja. Utakitambua kwa kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze. Kikikata, kipo hai. Kisipokata, au kisipokuwepo kabisa, hilo ndilo la kwanza kumwambia mwenye nyumba.

Halafu soketi. Zetu za matundu matatu ya mraba zina vifuniko vidogo ndani, na pini ndefu ya juu, ile ya ethi, ndiyo inayovifungua. Ukikuta njiti ya kiberiti au mfuniko wa kalamu umekatikia kwenye tundu la juu, ujue aliyepita alikuwa anachomeka chaja ya pini mbili kwa nguvu. Vifuniko vimebaki wazi, na mtoto mwenye msumari hana kizuizi. Angalia pia doa la kahawia pembeni ya tundu, na unuse: plastiki ya soketi ikiungua taratibu hutoa harufu kama ya samaki.

Ukishahamia, hesabu ya ekstensheni ni rahisi. Plagi yenye fyuzi ya ampia 13 inabeba takriban wati 2,990. Jagi la umeme la wati 2,000 na pasi ya 1,200 tayari umevuka. Televisheni na chaja havina neno. Hita ya bafuni ya kuogea ni habari nyingine, maana ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24. Inataka waya wake mnene, breka yake na ethi ya kweli. Ukiona imeungwa na waya wa taa, oga kwa ndoo kwanza.

Masika yakikaribia, kama nyumba iko bondeni, zima meni switchi kabla maji hayajafikia soketi. Yakishaingia, usikanyage kuifuata. Na taa zikianza kung'aa kupita kiasi ghafla, huku za jirani zikififia, huenda nyutro imekatika kwenye laini na volti zinaelekea 400. Zima meni, kisha piga TANESCO. Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimguse. Kata umeme kwanza, au umsukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu.

Kasoro utakazokuta, zitengenezwe kabla ya kusaini, au iandikwe kwenye mkataba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Mwenye nyumba atakwambia wapangaji wote waliopita hawakulalamika. Inawezekana kabisa, sisi wenyewe hatukulalamika. Mtafute mpangaji wa chumba cha pili, na usimuulize habari za ethi, atakwambia ipo. Muulize kama friji lake linatekenya.