Somo: Uagize vipande vingapi? Kutumia uwezekano kwa bidhaa isiyoweza kulala

Mfanyabiashara anayeuza bidhaa ambayo isipotoka leo haina thamani kesho hukabiliwa na swali lilelile kila asubuhi: achukue ngapi? Akichukua chache, wateja wa mwisho huondoka mikono mitupu na faida yake huondoka nao. Akichukua nyingi, bidhaa humdodea na mtaji hukatika. Wengi hukata shauri kwa kuchukua wastani wa mauzo yaliyopita. Hapo ndipo ninapoanza kubishana, kwa sababu wastani hueleza habari za wateja peke yao, wala hausemi chochote kuhusu unachopata ukiuza kipande kimoja na unachopoteza ukibakiwa nacho.

Swali hili si geni. Mwaka 1888 mwanauchumi Francis Edgeworth aliliuliza kuhusu benki: ni fedha taslimu kiasi gani ziwekwe tayari kwa ajili ya wenye amana watakaokuja kutoa, bila kulaza fedha nyingi bure? Hesabu tutakayoifanya hapa ni ndugu wa ile yake, na inahitaji kujumlisha, kuzidisha na kugawanya tu.

Hatua ya kwanza: andika mahitaji, usiandike mauzo tu. Hatua hii ndiyo inayoharibu hesabu za watu wengi, hivyo nitakaa hapa kidogo. Ukichukua vipande 12 na vyote vikaisha saa nane mchana, daftari litaandika 12, lakini huenda waliokuja kuulizia hadi jioni walikuwa 15. Niliwahi kulipitia daftari ambalo namba 12 ilijirudia siku baada ya siku, na mwenyewe akaamini kwamba wateja wake ni watu wa desturi wasiobadilika. Kumbe 12 ndiyo idadi aliyokuwa akiinunua kila asubuhi. Namba ile haikuwa ya wateja, ilikuwa ya kwake mwenyewe. Dawa yake ni safu mbili za ziada katika daftari: saa ambayo bidhaa imekwisha, na alama moja kwa kila mteja aliyeuliza akakosa. Alama hizo hazitakuwa kamilifu, kwa kuwa wapo wanaochungulia na kupita bila kuuliza, ila ni afadhali mara nyingi kuliko kukaa gizani.

Hatua ya pili: geuza daftari kuwa uwezekano. Tuseme una kumbukumbu za siku 50. Hesabu ni siku ngapi mahitaji yalikuwa vipande 8, ngapi yalikuwa 9, na kuendelea, kisha gawanya kila idadi kwa 50. Mfano wetu ni huu:

Vipande 8: siku 5, uwezekano 0.10
Vipande 9: siku 8, uwezekano 0.16
Vipande 10: siku 12, uwezekano 0.24
Vipande 11: siku 10, uwezekano 0.20
Vipande 12: siku 7, uwezekano 0.14
Vipande 13: siku 5, uwezekano 0.10
Vipande 14: siku 3, uwezekano 0.06

Hakikisha uwezekano wote ukijumlishwa unatoa 1; usipotoa, kuna siku umeihesabu mara mbili au umeiruka. Wastani wa mahitaji haya ni 10.66, na anayefuata wastani angeagiza 11 bila kuuliza zaidi.

Hatua ya tatu: pima kipande kimoja kimoja. Tuseme, kwa fedha yoyote ile, unanunua kwa 8 na kuuza kwa 10. Kipande kikiuzwa unapata 2, kikidoda unapoteza 8. Sasa usijiulize kuhusu mzigo wote kwa pamoja. Jiulize kuhusu kipande cha mwisho unachofikiria kukiongeza. Kipande cha tisa huuzwa siku ambazo mahitaji ni 9 au zaidi, yaani kwa uwezekano wa 0.90. Faida inayotarajiwa ni 0.90 mara 2, yaani 1.80, na hasara inayotarajiwa ni 0.10 mara 8, yaani 0.80. Kinaingiza 1.00 kwa siku, basi kichukue. Kipande cha kumi huuzwa kwa uwezekano wa 0.74: faida ni 1.48, hasara ni 2.08. Kinakula 0.60 kila siku, kwa hiyo kiache.

Jibu ni 9, ambalo liko chini ya wastani. Ukikokotoa faida ya siku nzima utaona hivyohivyo: vipande 9 vinaleta 17 kwa wastani, ilhali vipande 11 vya yule mfuasi wa wastani vinaleta 13.4.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: bei ya kununulia iwe 2 badala ya 8. Wateja ni walewale, daftari ni lilelile, lakini ukirudia hesabu utafika kwenye vipande 12.

Hatua ya nne: njia ya mkato. Gawanya faida ya kipande kimoja kwa jumla ya faida hiyo na hasara ya kipande kimoja. Katika mfano wa kwanza ni 2 kwa 10, yaani 0.20. Kisha jumlisha uwezekano kuanzia juu ya orodha hadi ufikie au upite namba hiyo: kwenye 8 una 0.10, kwenye 9 una 0.26. Umeipita 0.20, simama hapo. Katika mfano wa pili uwiano ni 0.80, na jumla inaupita kwenye 12, inapofika 0.84.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi bidhaa iliyobaki siitupi, naiuza jioni kwa bei ya kutupa. Hesabu inabadilikaje?*

Inabadilika upande wa hasara tu. Ikiwa ulinunua kwa 8 na jioni unaiuza kwa 5, hasara yako ni 3, si 8. Uwiano unakuwa 2 kwa 5, yaani 0.40, na jibu linapanda hadi 10. Angalia tu kwamba wateja wa bei kamili hawajajifunza kuisubiri jioni, maana wakijifunza, orodha yako ya mahitaji haifai tena.

*Nina kumbukumbu za siku 12 tu. Je, nisubiri?*

Usisubiri, ila usizishikilie namba kwa nguvu. Uwezekano wa 0.50 uliotokana na siku 50 una kosa sanifu (kiasi ambacho kwa kawaida makadirio hupotoka kwa bahati tu) la takriban 0.07; ukitokana na siku 12, kosa hilo ni karibu 0.14, maradufu. Tatizo la sampuli ndogo ndilo lililomshughulisha William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, hata akachapisha suluhisho lake mwaka 1908 kwa jina la kalamu la Student.

*Mahitaji yangu ni mamia kwa siku, namba moja haijirudii. Nitatengenezaje orodha?*

Huihitaji. Tafuta wastani na mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi siku zinavyotawanyika mbali na wastani), kisha chora umbo la mahitaji yako uone kama linakaribia kengele, yaani siku nyingi ziko karibu na wastani na chache ziko mbali, sawasawa pande zote mbili. Likikaribia, uwiano wa 0.80 unadai uagize wastani na kuongeza mara 0.84 ya mchepuko. Uwiano wa 0.20 unadai upunguze kiasi hichohicho. Kwa wastani wa 400 na mchepuko wa 50, hiyo ni 442 au 358.

*Siku tatu mfululizo zimekuwa mbaya. Je, ya nne si lazima iwe nzuri?*

Hapana. Siku haziwekeani deni. Zikiendelea kuwa mbaya kwa wiki kadhaa, jambo la kushuku ni kwamba mahitaji yenyewe yameshuka na daftari la zamani limepitwa na wakati.

*Mteja akikosa leo anahamia kwa mwenzangu. Hilo mbona halimo?*

Umegusa penyewe. Likadirie kama fedha na uliongeze kwenye faida ya kipande. Ukisema kila mteja anayekosa anakugharimu 1 zaidi, uwiano ni 3 kwa 11, yaani 0.27, na jibu linasogea kutoka 9 hadi 10. Lakini linasogea kwa unywele: kipande cha kumi sasa kinaingiza 0.14 tu kwa siku, na ile 0.26 tunayoilinganisha nayo, kwa siku 50, ina kosa sanifu la karibu 0.06. Kwa daftari hili hatuwezi kuzitofautisha 9 na 10. Ningechukua 10 kwa wiki kadhaa, nikiendelea kuweka alama kwa wanaokosa, kisha nikokotoe upya.