Mambo ya kuzingatia kabla ya kulaumu mtandao: bakapu ya kanzidata kubwa inapobadilika muda kila usiku

Bakapu inayotumia saa tatu leo na saa nane kesho, ilhali data haijaongezeka kiasi cha kueleza tofauti hiyo, mara nyingi si kwamba inafanya kazi polepole, bali kuna kitu inakisubiri. Kwa hiyo, kabla hujaomba diski mpya, hakikisha logi (rekodi ya matukio) inaonyesha wakati wa kila hatua: ilipoanza, ilipopata kufuli (kizuizi cha muda kinachozuia data isibadilishwe), ilipoanza kunakili na ilipomaliza kusafirisha faili. Jumla ya muda peke yake haikuambii lolote.

Thibitisha kwamba bakapu inachukuliwa kwenye replika (nakala hai ya kanzidata inayofuata mabadiliko ya seva kuu) ileile kila usiku. Angalia pia replika hiyo imeachwa nyuma kiasi gani na seva kuu bakapu inapoanza, kwa sababu replika inayokimbizana na mabadiliko ya mchana inagombania diski na bakapu yako. Kwenye kanzidata ya PostgreSQL, chombo chake cha bakapu, pg_basebackup, hungoja chekipointi (mabadiliko yaliyo kwenye kumbukumbu yaandikwe diskini) kabla ya kunakili hata faili moja, lakini hapo kwa kawaida unapoteza dakika chache tu, kwa hiyo usimfanye huyo ndiye mchawi. Kama seva inatumia Debian (aina ya Linux) yenye RAID ya programu, yaani diski kadhaa zilizounganishwa na programu zifanye kazi kama moja, kumbuka kwamba ukaguzi wa diski zote umepangwa kuanza wenyewe usiku wa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kwenye matoleo mengi ni saa 00:57. Wengi hawajui kabisa kwamba kazi hiyo ipo.

Kisha kuna kufuli, na hapa tafadhali usipite haraka. Kampuni moja ilikuwa na kanzidata ya MySQL ya karibu terabaiti mbili, na bakapu yake ilichelewa usiku fulani fulani bila mpangilio ulioonekana. Walibadilisha swichi, wakanunua hifadhi ya bei kubwa zaidi, wakapunguza kiwango cha kubana faili, na tatizo likabaki palepale. Chombo chao cha bakapu kilitumia amri ya FLUSH TABLES WITH READ LOCK, inayofunga majedwali yote yasiandikwe, ambayo haipati kufuli mpaka kwiri (maombi ya data) zinazoendelea kwenye majedwali zimalizike. Na wakati inangoja, uandishi mpya unazuiwa, ukiwemo wa uzi wa replikesheni (kazi inayoingiza mabadiliko ya seva kuu kwenye replika), hivyo replika inazidi kuachwa nyuma. SHOW PROCESSLIST, orodha ya kazi zinazoendelea kwenye kanzidata, ilipofunguliwa usiku wenyewe, amri hiyo ya kufuli ilionekana imekwama kwenye hali ya “Waiting for table flush”, nyuma ya ripoti ya mauzo iliyokuwa ikisoma jedwali zima la miamala kwenye replika hiyohiyo.

Ripoti hiyo iliendeshwa Ijumaa na mwisho wa mwezi tu. Kilichoificha ni ratiba. Kwenye karatasi, ripoti iliandikwa 02:00 na bakapu 23:00, kwa hiyo kila aliyeitazama aliona nafasi ya kutosha kati yake. Lakini ripoti ilifuata saa za Afrika Mashariki, na seva ya kanzidata ilifuata UTC (majira ya kimataifa), ambayo iko nyuma kwa saa tatu kamili. Zote mbili zilianza saa nane usiku, dakika ileile.

Andika basi ratiba zote kwa majira ya sehemu moja, zikiwemo za idara ambazo hazikuhusu. Kama unatumia XtraBackup (chombo cha bakapu za MySQL) na bado inahitaji kufuli hiyo, weka chaguo la --ftwrl-wait-timeout, ili kwiri ndefu zikishindwa kuisha katika muda uliopanga, bakapu isitishwe kwa kosa linaloonekana badala ya kuishikilia replika hadi asubuhi. Kuna pia chaguo la kuziua kwiri hizo. Usiliguse kabla ya kuzungumza na mwenye ripoti, maana anaweza kuwa mhasibu anayefunga hesabu za mwezi.

Usibadilishe vitu viwili usiku mmoja. Usihamishie bakapu kwenye seva kuu eti kwa sababu replika inasumbua. Na bakapu iliyomalizika haraka isivyo kawaida ichunguze kuliko hata ile iliyochelewa: linganisha ukubwa wake na wa jana, soma mistari ya mwisho ya logi, kisha irejeshe kwenye seva ya majaribio kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba tatizo limekwisha.