Majivu ya mpunga na chupa tupu kwenye vigae: anza kwa kuupima udongo

Nyuma ya kila mashine ya kukobolea mpunga hapa Unguja, Cheju au Kibokwa, kuna mlima wa maganda. Maganda ni kama tano moja ya uzito wa mpunga, na majivu yake ni kama tano moja ya maganda. Kilo 200 za mpunga, basi, hutoa kilo 40 za maganda na kilo 8 tu za majivu. Sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika, kitu anachokihitaji mtengeneza vigae. Lakini majivu mazuri hayaponyi udongo mbaya, na kwetu visiwani ubaya wa udongo mara nyingi ni chokaa.

Chenga ya jiwe la matumbawe ikikaa ndani ya kigae, moto wa nyuzi 850 hivi huigeuza chokaa kali. Kigae kinatoka jokoni kizuri, hakina hata ufa. Baada ya siku chache chenga ile inakunywa unyevu wa hewa, inavimba, na uso unabanduka. Kinabaki kitundu chenye doa jeupe katikati, kama kovu la ndui. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba kinamo (udongo wa mfinyanzi) kingi, chukua donge kavu ulikamulie ndimu. Likitoa povu, tafuta shimo jingine. Lisipotoa, bado uloweke udongo, uukoroge uwe uji na uuchuje kwa wavu wa mbu uliokunjwa mara mbili. Mchanga wa pwani usiutie kabisa: una chumvi na vipande vya makombe.

Maganda yachome katika pipa lililotobolewa matundu, yafukute polepole usiku kucha bila kuchochewa. Majivu ya kijivu hafifu ndiyo yanayofaa. Meusi bado yana mkaa, na yakiingia kwenye kigae huacha kiini cheusi, pengine kigae kikavimba. Yaliyoshikana mabonge magumu yamepata moto mkali mno na hayasagiki vizuri. Maganda mabichi nayo usiyachanganye: yanaungua ndani na kuacha matundu. Kwa tofali si neno, kwa kigae cha sakafu ni hasara.

Majivu ya makumbi ya nazi ni habari nyingine. Yana magadi na chumvi nyingi, na vigae hutoka na ukungu mweupe usiofutika. Ukitaka kuyatumia, yaloweke na umwage maji mara tatu, mikono ikiwa na glavu, maana maji yake yanachoma. Sisi tungeyapeleka kwenye migomba.

Chupa za mahoteli zioshwe, zipondwe na kusagwa mpaka unga upite kwenye kitambaa cha chachi. Unga wa kioo huyeyuka mapema na kuushika udongo, lakini chenga kubwa huacha shanga zinazokata miguu. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini; kitambaa kitupu hakitoshi. Vumbi la kioo na la silika huharibu mapafu.

Kwa kilo 50 za mchanganyiko mkavu: kinamo kilo 35, unga wa vigae au vyungu vilivyovunjika kilo 7.5, majivu ya mpunga kilo 4, unga wa chupa kilo 3.5. Maji lita 10 hadi 12, tia kidogo kidogo. Funika kwa nailoni siku tatu, kisha ukande. Ukizidisha majivu, udongo unakosa mnato na kingo zinapasuka.

Kausha kivulini siku 7 hadi 10 huku ukigeuza kila siku. Upepo wa kaskazi ukipiga upande mmoja, kigae kinajikunja.

Jokoni, saa tatu za mwanzo moto uwe mdogo mpaka mvuke uishe, la sivyo vigae vitalipuka. Kisha upandishe taratibu hadi nyuzi 950 au 1000. Pemba, makonyo (vikonyo vya karafuu) yaliyokwisha kutolewa mafuta kiwandani Wawi, yakikauka, ni kuni nzuri kuliko kukata mikoko. Joko usilifungue mpaka lipoe kabisa.

Pima kigae kikavu, kiloweke saa 24, ukifute na upime tena. Kikitoka gramu 800 kikawa 880, kimekunywa asilimia 10, na hicho kinafaa sakafu ya ndani. Kikipita 15, kipeleke ukutani. Usiuze kabla ya wiki mbili, ili chokaa iliyojificha ijitokeze. Vitakavyobanduka usivisage kurudisha kwenye mchanganyiko: chokaa yake itarudi navyo.