Somo: Unaandika hapa, herufi zinatokea kule (fokasi ya kibodi katika Windows 10 na 11)

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuliandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Swali huja kwa sura tatu: herufi zinaingia katika dirisha usilolitarajia, dirisha jingine linajitokeza lenyewe ukiwa katikati ya sentensi, au umerudi katika dirisha sahihi lakini ukiandika hakionekani kitu. Watu huzichukulia zote kuwa ugonjwa mmoja na kuilaumu kibodi, na wapo waliokwisha kununua mpya bure. Kompyuta huifungulia kibodi mlango mmoja tu kwa wakati mmoja, na huo ndio ninaouita fokasi: dirisha moja lililo mbele, na ndani yake kisanduku kimoja kinachopokea herufi.

Hatua ya 1. Tambua ni sura ipi inayokusumbua, kwa kuwa dawa zake hazifanani.

Hatua ya 2. Badili madirisha kwa Alt na Tab: bonyeza na kuachia upesi ili urudi ulikotoka, au shikilia Alt ili uione orodha yote.

Hatua ya 3. Programu zilizo katika mwambaa wa kazi zifikie kwa kitufe cha Windows pamoja na namba ya nafasi yake, kuanzia 1 upande wa kushoto.

Hatua ya 4. Usidhani dirisha lina fokasi kwa sababu tu linasogea. Tangu Windows 10, gurudumu la kipanya linaweza kusogeza ukurasa ulio chini ya kishale hata kama fokasi iko kwingine, kwa hiyo macho yako yanafuata waraka huu huku herufi zako zikienda kwenye ule. Tafuta kijistari kinachowaka na kuzima kabla hujaanza kuandika.

Hatua ya 5. Fungua Control Panel, sehemu ya Ease of Access, ukurasa wa kipanya, uondoe alama katika kisanduku kinachoruhusu dirisha kuamka kishale kinapolipitia. Ikiwa hakikuwa na alama, endelea.

Hatua ya 6. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Windows ina muda wa ulinzi: kila unapogusa kibodi au kipanya, programu nyingine hukatazwa kujileta mbele hadi muda huo upite, na badala yake kitufe chake katika mwambaa wa kazi humetameta. Muda huo umeandikwa katika rejista, yaani ghala ambamo Windows huweka mipangilio yake, chini ya HKEY_CURRENT_USER, kisha Control Panel, kisha Desktop, kwa jina ForegroundLockTimeout. Kiasi cha kawaida ni milisekunde 200,000, yaani dakika 3 na sekunde 20. Ukikuta 0, kuna programu iliyoondoa ulinzi wakati wa kujisakinisha, na hicho ndicho chanzo cha madirisha yanayokurukia. Fungua Regedit, programu ya kuhariri rejista, hifadhi kwanza nakala ya tawi hilo la Desktop kwa amri ya Export, kisha bofya jina hilo mara mbili. SASA SIMAMA. Dirisha dogo linalofunguka huwa limechagua Hexadecimal, yaani hesabu ya kumi na sita, inayotumia 0 hadi 9 kisha a hadi f. Mimi sikutazama, niliandika 200000 papo hapo, na kwa hesabu ya kumi na sita tarakimu hizo ni 2,097,152, karibu dakika 35. Hakuna kilicholalamika. Ila programu yangu ya kunikumbusha vikao, ambayo awali ilijitokeza nikiwa nasoma kimya, ikawa inametameta tu chini ya skrini, nami nikakosa kikao kimoja na kuilaumu programu isiyo na hatia kwa wiki mbili. Chagua Decimal kwanza, yaani hesabu yetu ya kawaida ya kumi, ndipo uandike 200000. Kumbuka pia kwamba Regedit haina amri ya kutengua, na kwamba kompyuta ya ofisi ina msimamizi wake. Muulize kabla ya kugusa.

Hatua ya 7. Toka katika akaunti yako kisha uingie tena. Bila hivyo badiliko la rejista halitaonekana.

Hatua ya 8. Hii ni kwa sura ya tatu peke yake. Windows hulileta dirisha mbele, lakini kukumbuka ni kisanduku kipi kilikuwa na fokasi ni kazi ya programu yenyewe, na programu zilizotengenezwa kizembe husahau. Bonyeza Tab, au F6 inayoruka kutoka sehemu moja ya dirisha hadi nyingine. Rejista haihusiki hapa hata kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

HarakaHaraka: Mkuu, nimefuata zote na haifanyi kazi. Nifanyeje?

Jibu: Hujasema ni sura ipi kati ya tatu, hujasema umekuta kiasi gani katika rejista, wala hujasema kama ulitoka katika akaunti. Rudi hatua ya 1.

KaraniMpya: Nimefungua rejista nikakuta 30d40. Je, ni virusi? Nimeshaifuta.

Jibu: 30d40 ni 200,000 ile ile kwa hesabu ya kumi na sita, na hatua ya 6 imetahadharisha juu ya hesabu hiyo. Hukuwa na tatizo, sasa umejitengenezea. Rudisha ile nakala uliyohifadhi. Kama hukuihifadhi, tengeneza upya thamani ya aina ya DWORD yenye jina hilo hilo, chagua Decimal, uandike 200000.

Mdadisi: Shikamoo mwalimu. Kwangu ulinzi umewekwa sawasawa, lakini bado dirisha la ujumbe hunirukia, hasa ninapopitia nyaraka ndefu. Kwa nini?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuchunguza kabla ya kuuliza. Wewe mwenyewe umelitaja jibu. Muda huhesabiwa tangu ulipogusa kitu mara ya mwisho. Ukisoma kwa dakika nne bila kugusa chochote, ulinzi umekwisha, na dirisha linaingia kihalali wakati vidole vyako ndiyo kwanza vinarudi kwenye kibodi. Kwa kazi yako unaweza kuuongeza, mradi ukubali hasara niliyoieleza. Zaidi ya hayo, sheria ina milango yake: programu iliyofunguliwa na ile iliyo mbele huruhusiwa kuja mbele, na ile iliyo mbele inaweza kumpa mwenzake ruhusa. Wapo pia watengenezaji wakorofi ambao programu zao huigiza kubonyezwa kwa Alt ili mfumo uwafungulie. Katika Windows 95 hapakuwa na kizuizi hiki. Kilikuja na Windows 98 na Windows 2000, na tangu hapo ni mchezo wa paka na panya.

Bingwa77: Somo refu bure. Si mtu abofye tu kwa kipanya?

Jibu: Anayeingiza alama za wanafunzi mia tatu kutoka dirisha moja kwenda jingine hana mkono wa tatu. Kama wewe kipanya kinakutosha, somo hili halikukuhusu.

DukaLaPembeni: Mimi nina skana ya bakodi dukani. Juzi namba za sabuni zilimwendea mteja kwenye dirisha la mazungumzo, tena zilijituma zenyewe.

Jibu: Swali zuri sana, nami nilipaswa kuliweka katika somo. Skana nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: huandika tarakimu penye fokasi, kisha hubonyeza Enter, na katika mazungumzo Enter maana yake ni kutuma. Skana haijui dirisha la mauzo ni lipi. Unaweza kuondoa hiyo Enter kwa kusoma alama za mpangilio zilizo katika kijitabu chake, lakini huenda programu ya mauzo inaitegemea. Mimi ningehamishia mazungumzo kwenye simu.

KijanaWaUbuntu: Kwetu GNOME je?

Jibu: Katika GNOME, mfumo unaosimamia madirisha katika Ubuntu, mpangilio unaitwa focus-mode, chini ya org.gnome.desktop.wm.preferences, na hubadilishwa kwa amri ya gsettings. Kiasi cha kawaida ni click. Ukiweka sloppy, fokasi hufuata kishale na kubaki hapo hata kishale kikitoka nje ya dirisha. Ukiweka mouse, hupotea kishale kikitoka. Na ukitaka kuruka kati ya madirisha ya programu ile ile, tumia Alt na kitufe kilicho juu ya Tab.

KaraniMpya: Nimerudisha, ahsante. Ila wakati mwingine nikishika Alt kisha nikaghairi, herufi zinaanza kufungua menyu.

Jibu: Ukibonyeza na kuachia Alt peke yake, fokasi huhamia kwenye menyu, na kila herufi inakuwa amri. Bonyeza Esc kabla ya kuendelea kuandika. Na ukighairi huku orodha ya madirisha ikiwa imefunguka, bonyeza Esc ungali umeshikilia Alt; utabaki palepale ulipokuwa.