Kurekodi riaksheni ya filamu ya albamu bila kuharibu sauti wala kufungiwa video

Filamu ya albamu haifanani na video ya wimbo mmoja. Inachukua saa nzima au zaidi, nyimbo zimeshonwa pamoja kwa mashairi, mazungumzo au kimya, na mara nyingi mpangilio wake si ule wa albamu. The Wall ya Pink Floyd, albamu ya 1979 iliyogeuzwa filamu mwaka 1982, iliuacha wimbo wa Hey You na kuingiza When the Tigers Broke Free, ambao haukuwemo katika albamu. Interstella 5555 ya Daft Punk (2003) inapita albamu yote ya Discovery karibu bila neno la kuzungumzwa. Lemonade ya Beyoncé (2016) inasonga mbele kwa mashairi ya Warsan Shire, mshairi Msomali aliyezaliwa Kenya, na ukiwa na nyimbo zake peke yake huyasikii. Ukiirekodi riaksheni ya filamu ya namna hii, yaani kujirekodi ukiitazama kwa mara ya kwanza, kama unavyorekodi ya wimbo wa dakika nne, utabaki na saa nzima ya uso unaotikisa kichwa, na mtazamaji ataondoka kabla ya wimbo wa tatu.

Anza na saa. Filamu ikitoka usiku wa manane New York, kwetu Afrika Mashariki ni saa 1 asubuhi kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 2 asubuhi miezi mingine, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao. Usiku wa manane wa London kwetu ni saa 8 usiku wakati wa kiangazi chao, saa 9 usiku wakati wa baridi. Usiku wa manane wa Seoul ni saa 12 jioni, mwaka mzima. Panga umeme na bando kwa saa hiyo: Netflix huhesabu hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD, na bado kuna kupakia video yako. Kama huduma inaruhusu kupakua filamu kwenye simu au tableti, pakua kwanza. Filamu ikikwama katikati ya wimbo, ile mara ya kwanza imeshapotea na hairudi.

Albamu ikitoka kabla ya filamu, isikilize mara mbili ukiwa na maneno ya nyimbo mbele yako, kisha usiguse vipande vya filamu mtandaoni. Wapo wanaotaka kila kitu kiwe kipya, lakini jicho likiwa na kazi sikio hulegea, na utapitwa na mstari ambao bendi imeujengea tukio zima. Mwanzoni mwa video waambie watazamaji wazi kwamba nyimbo unazijua na picha huzijui. Vikitoka siku moja, tazama filamu kwanza.

Kuhusu sauti, vaa hedifoni za kufunika sikio au za kuingiza ndani, hata kama uko peke yako. Sauti ya filamu ikitoka kwenye spika inaingia kwenye maiki yako, na ikishachanganyika na maneno yako hakuna namna safi ya kuitenganisha. Ukikata kipande cha maongezi, muziki uliokuwa nyuma yake utaruka, na mfumo wa hakimiliki utausikia hata ukiwa hafifu. Maiki ya kubana kwenye shati ikae kama sentimita 20 chini ya kidevu. Pima kiwango kwa kupiga kelele kama utakavyopiga wimbo uupendao ukiingia: kwenye kipimo cha sauti cha programu ya kurekodi, maongezi ya kawaida yafike karibu na dB (desibeli) -12, na kelele isivuke -6. Ukipima kwa sauti ya upole, shangwe ya kwanza itapasuka na haitengenezeki. Zima feni. Kama nyumba ni ya mabati na mvua imetanda, subiri ipite.

Skrini unayoitazama ni taa inayobadilika kila sekunde, na kamera ya simu inapojirekebisha uso wako utakuwa unang'aa na kufifia bila mpango. Weka taa yako mwenyewe upande mmoja, mbele kidogo na juu ya usawa wa macho, iwe na nguvu kuliko skrini. Kisha bonyeza na kushikilia kidole kwenye uso katika kioo cha simu mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Anayevaa miwani apandishe taa juu zaidi na ainamishe miwani kidogo mbele, la sivyo filamu yenyewe itaonekana kwenye vioo vyake.

Rekodi kwa 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Ubora wa 4K unakula nafasi na kuichemsha simu, na simu iliyochemka hukata rekodi bila kukuuliza. Kwa iPhone, 1080p ya fremu 30 huchukua takriban MB 60 kwa dakika katika mfumo wa kubana zaidi, na MB 130 katika ule wa kawaida. Filamu ya dakika 65 ukiisimamisha na kuongea inafika saa mbili, kwa hiyo tenga kati ya GB 7 na 16. Weka simu kwenye hali ya ndege kama filamu inachezwa kwenye kifaa kingine, na iache kwenye chaji.

Kuna kasoro moja inayowasumbua wengi bila kujua chanzo chake: mdomo na sauti vinaachana polepole, dakika ya kwanza sawa, dakika ya 50 kichekesho. Simu haishiki fremu 30 kamili. Mwanga ukipungua hupunguza fremu, na programu ya kuhariri inahesabu kana kwamba hazikubadilika. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua fremu 30 za kudumu, ndipo uiingize kwenye DaVinci Resolve au programu unayotumia. Kama maiki inarekodi kwenye kifaa chake, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni na jingine mwishoni. Makofi yote mawili yakilingana, katikati nako kumelingana.

Sasa kusimamisha, na hapa ndipo riaksheni inapofaulu au kufa. Usisimamishe kwa kila kinachokufurahisha, maana wimbo uliokatwa mara saba hausikiki tena kama wimbo. Acha ubeti uishe. Mahali pazuri pa kusimamisha ni mshono kati ya wimbo na wimbo, shairi linapoisha, au picha inapopingana na maneno unayoyajua. Kila ukisimamisha, taja kwa sauti muda ulioko kwenye filamu, “dakika ya 14, sekunde ya 32”, kisha ueleze umeona nini na kwa nini kimekugusa. “Wameua!” ni shangwe, na shangwe ina nafasi yake, lakini iendelee: gitaa limeondoka wapi, kwa nini rangi imegeuka, wimbo huu wa sita umeletwa wa pili kwa sababu gani. Ukiendelea, rudisha nyuma sekunde tano ili masikio yashike mdundo tena.

Mtazamaji wa Kiswahili ana kitu ambacho wa Ohio hana. Wimbo wa Spirit wa Beyoncé wa mwaka 2019 unaanza kwa Kiswahili. Ukikutana na mahali kama hapo simama, tafsiri, sema kama lugha imekaa sawa.

Kuhusu hakimiliki, futa kwanza ile imani kwamba sekunde 30, au 10, ni halali. Hakuna sheria ya namna hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa uhakiki, chanzo kikitajwa. Marekani mahakama hupima madhumuni, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko lake. Mwaka 2017, katika kesi ya Hosseinzadeh dhidi ya Klein huko New York, video ya karibu dakika 14 iliyotumia zaidi ya dakika tatu za kazi ya mtu ilishinda kwa sababu ilikuwa imejaa uhakiki, na jaji akatahadharisha kwamba riaksheni nyingine ni kutazama pamoja tu, bila maoni. Kwa hiyo tumia vipande vifupi, sekunde 8 hadi 15, na maongezi yako yawe angalau mara mbili ya kila kipande. Filamu iwe kwenye kona, uso wako ndio uchukue nafasi kubwa. Usigeuze picha kama kwenye kioo wala kupandisha sauti ya wimbo: Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, bado inaweza kuitambua, na mbele ya mwenye haki unaonekana unaficha.

Kwa wanaotaka riaksheni nzima, toa toleo lisilo na filamu kabisa. Weka kwenye kona saa kubwa inayoonyesha dakika na sekunde za filamu, hesabu “tatu, mbili, moja, cheza”, na kila mtu aanzishe nakala yake. Unaposimamisha, andika “simamisha” kwenye skrini na saa isimame. Njia hii pia inakuokoa na skrini nyeusi, kwani huduma nyingi za filamu huzuia kurekodi kioo.

Pakia video ikiwa ya faragha na usubiri ukaguzi wa YouTube umalizike. Likija dai la Content ID, hilo si onyo: chaneli yako ipo salama, ila mapato yanaweza kwenda kwa mwenye muziki au video ikafungwa. Unaweza kukata kipande husika, kunyamazisha wimbo, au kupinga. Ukipinga ndani ya siku 5, mapato huzuiwa tangu siku ya kwanza ya dai hadi liamuliwe, na mdai ana siku 30 za kujibu. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine: matatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufutwa. Pinga pale tu ambapo unaweza kuonyesha, kwa dakika na sekunde, ni maoni gani yanayofuata kila kipande.