Mbegu ifukiwe kina gani? Somo la kilimo linaloanza na swali

Mwanafunzi akiambiwa "maharage hupandwa kina cha sentimita 3 hadi 5", ataandika, atakariri, na shambani atatoboa shimo la kina chochote. Mpe swali badala yake: mbegu ikifukiwa chini zaidi, ni nini kinachoizuia kutoka? Hapo atalazimika kutafuta sababu. Jaribio hili huchukua wiki mbili, kwa vikundi vya wanafunzi watano au sita.

Siku tano kabla, pima mbegu zenyewe. Funga mbegu 20 za maharage kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 16, tafuta nyingine, la sivyo darasa litalaumu kina kwa kosa la mbegu kuukuu.

Kila kikundi kiandae chupa 6 za plastiki za lita 1.5, zikatwe mabegani na kutobolewa matundu chini. Udongo wote utoke kwenye rundo moja lililochekechwa, maana kinachotakiwa kutofautiana ni kina tu: sentimita 2, 5 na 10, chupa mbili kwa kila kina.

Kabla ya kupanda, kila mmoja aandike utabiri wake: mbegu ngapi kati ya 10 zitatoka katika kila kina, na kwa nini. Usiruke hatua hii, na usimsahihishe mtu. Anayeandika "ya chini itawahi kwa sababu huko kuna maji mengi" ametoa hoja inayopimika. Ukimkatiza, wenzake wataanza kubahatisha jibu lililo kichwani mwako.

Kosa kubwa hutokea kwenye kupanda kwenyewe. Ukifukia mbegu kwenye udongo mkavu kisha ukamwagilia, udongo hushuka na kipimo chako hakipo tena. Jaza chupa kwanza, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, acha usiku mmoja, ongeza udongo ufike sentimita 17. Kisha toboa kwa kijiti kilichowekwa alama ya kina. Panda mbegu 5 kwa chupa, moja ikibanwa kwenye ukuta wa chupa ili ionekane, halafu zungushia karatasi nyeusi. Karatasi hiyo ni ya lazima: mche ukipata mwanga ungali chini, shingo yake, yaani sehemu ya shina iliyopinda inayotangulia kutoka, hunyooka kabla ya wakati.

Mwagilia mililita 50 kila baada ya siku mbili, taratibu. Maji yakimwagwa kwa nguvu, juu hufanyika gamba gumu, na miche hukwama kwa sababu isiyohusiana na kina.

Hesabuni kila siku saa ileile hadi siku ya 14. Kubalianeni mapema "imetoka" maana yake nini: shingo kuonekana, au nusu mbili za mbegu kuwa juu ya udongo? Vikundi vikihesabu tofauti, jedwali la darasa halitasomeka.

Siku ya 14 ndiyo yenye utajiri, kwa hiyo itengee kipindi kizima. Fukueni mbegu zote ambazo hazikutoka, mzipange mafungu matatu: hazikuota, zimeoza, zimeota zikakwama. Fungu la tatu liwekwe mezani. Harage husukuma shingo iliyopinda kama ndoana, likizivuta nusu zake mbili kupita kwenye udongo. Kwenye kina kirefu shingo huweza kukatika, au akiba ya chakula huisha njiani. Wanafunzi wakiikuta shingo iliyokatika, uliza tu: "Umejuaje kwamba hii ndiyo sababu?" Fungu la zilizooza likiwa kubwa, warudishe kwenye maji na hewa, huenda chupa hazikuchuja.

Unapotoa alama, pima hoja na kumbukumbu zilizoandikwa, si usahihi wa utabiri. Aliyekosea na kueleza data ilivyombadilisha apate alama kamili.

Kisha wape mahindi, chupa zilezile na vina vilevile. Hindi huacha mbegu yake chini na kutoa ncha iliyochongoka, lakini usiwaambie. Waandike utabiri kwanza.