Kushona sketi za Sindimba zisizoteleza kiunoni

Juzi binti mmoja, fundi mwenzangu, amepewa oda ya kushonea kikundi cha ngoma: wasichana 12, na ngoma yenyewe Sindimba ya Wamakonde. Alikuja na swali moja tu, lastiki ya upana gani inafaa. Nikamwambia weka lastiki pembeni, vuta kiti. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

1. Kitambaa

Kitenge cha pamba, si cha nailoni kinachong'aa. Yadi 3 zinatoa sketi mbili fupi, kwa hiyo wasichana 12 wanahitaji yadi 18, yaani vipande vitatu vya yadi 6. Loweka, anika, piga pasi ndipo ukate. Chagua maua yasiyo na juu wala chini, maana tunakata kwa urefu na michoro italala ubavu. Kuku aliyelala chali kwenye sketi anachekesha.

2. Kukata na marinda

Upana wa kitenge kingi ni karibu inchi 45. Kata mikanda miwili ya inchi 20, kila mmoja una inchi 108 kwa urefu. Kunja pindo. Rinda la inchi 1 linakula inchi 3, hivyo ukitoa pindo za pembeni unabaki na sketi ya inchi 35 hivi kiunoni. Kwa mwenye kiuno kinene, punguza kitambaa kinacholiwa na kila rinda kiwe inchi 2 na nusu. Piga bandi, yaani mshono wa muda, kwa mkono, kisha pasi. Wengine wanatumia pini. Mimi pini zimeshanivunjia sindano za kutosha.

3. Kiuno

Hapa ndipo nilipoteza usiku mzima, kwa hiyo soma taratibu.

Lastiki haifai. Sindimba ni ngoma ya kiuno, na sketi ikishabeba katani, zile nyuzi za mkonge zinazoshikizwa chini ya mkanda, inakuwa nzito, jasho likiingia lastiki inalegea. Nimeshaona mchezaji akimaliza wimbo mkono mmoja umeshika sketi. Sketi ile niliishona mimi.

Tumia sketi ya kuzungusha na kufunga kwa kamba. Mkanda wa kiuno uwe wa kaniki au kaki nzito: kata inchi 6 kwa upana, ukikunja unabaki na inchi 2 na nusu. Ndani weka kanvasi ya kuukaza, ila ishone. Ile ya kubandika kwa pasi inabanduka kwa jasho.

Vipimo: usimpime mchezaji akiwa amesimama wima kama anapiga picha ya pasipoti. Mwambie avae taiti atakayochezea, akunje magoti, ainame mbele kidogo, avute pumzi. Binti mmoja nilipata inchi 29 akiwa wima, 31 akiwa kwenye mkao wa ngoma. Andika hiyo ya pili.

Sasa tundu. Ncha ya sketi inayokaa ndani ina kamba, na kamba hiyo lazima itokee nje kupitia tundu ubavuni, izunguke mgongoni, ikutane na kamba ya ncha ya nje. Mara ya kwanza nilitoboa tundu zote inchi 5 kutoka ncha ya nje, nikiamini sketi ni saizi moja. Sketi ni saizi moja, viuno si saizi moja! Mwembamba sketi inapandana sana, mnene kidogo. Kamba zikavuta upande, marinda yakapinda. Nilifumua viuno tisa.

Pima tundu kutoka ncha ya NDANI, umbali sawa na kiuno cha mchezaji husika. Mwenye 31, tundu liwe inchi 31 kutoka ncha ya ndani. Liwe na urefu wa inchi 1 na robo kama kamba ina inchi 1, na ulizungushie mshono wa tundu la kifungo kabla ya kulipasua, si baada. Kamba ziwe ndefu, kila moja inchi 40 au zaidi, na fundo likae ubavuni. Likikaa nyuma litagombana na katani.

4. Katani

Kama utaitia rangi, itie kabla ya kukata. Usiishone moja kwa moja kwenye kitenge: ipange kwenye utepe, weka gazeti chini ili nyuzi zisishikwe na meno ya cherehani, pitisha mshono mara mbili, chana gazeti. Kisha shikiza utepe kwa mkono chini ya mkanda, kusudi siku ya kufua uufumue. Nyuma ya utepe weka bitana, katani inawasha.

5. Majaribio

Wavae, wacheze dakika kumi na ngoma yenyewe, si simu. Kisha tarizi jina la kila mmoja ndani ya mkanda kwa uzi. Ukiandika kwa kalamu, jasho la siku ya kwanza linafuta, na sketi ya 31 itavaliwa na mwenye 36.